Dada yuko Dodoma kwenye kiti mwendo na anataka mtoto, sisi wa nje tufanyeje

Ndugu zangu, akipata ulemavu mtu wetu nyumbani tunatuma hela ya kiti mwendo, ya dawa, ya dada wa kumsaidia, ila kama ashapima saratani ya shingo ya kizazi, kama anataka uzazi wa mpango au anataka kuzaa, hilo hatuligusi kabisa. Mwanamke aliyeumia uti wa mgongo, na kwa hizi bodaboda wapo, hedhi mara nyingi inarudi baada ya miezi kadhaa na mimba anashika kama kawaida. Kwa hiyo muulize yeye mwenyewe anataka nini, sio mama wala shemeji.

Kabla hajakodi bajaji toka Chamwino au Bahi kwenda kliniki, pigeni simu huko kwanza, na msiulize "mnahudumia walemavu?" maana watasema ndio tu. Ulizeni kitanda cha kupimia kinashuka mpaka usawa wa kiti? Mlango wa choo kiti kinapita? Kama kitanda hakishuki aende na mtu anayejua kumnyanyua, alafu amwambie nesi shingo ya kizazi inaweza kuangaliwa hata akilala ubavu. Akipata mimba asibaki zahanati, mjini kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa na Benjamin Mkapa, aombe daktari bingwa toka mwanzo.

Uzazi wa mpango nao una mambo yake. Vidonge vyenye homoni mbili vinaongeza hatari ya damu kuganda, sindano ya miezi mitatu ikitumika muda mrefu inapunguza uimara wa mifupa, na kitanzi kikihama asiyehisi tumboni anaweza asijue. Kijiti kinawafaa wengi, ila aamue yeye na daktari wake.

Sasa hili naomba mlishike sana. Aliyeumia mgongo kuanzia usawa wa kifua kwenda juu anaweza kupandwa na presha ghafla, kichwa kinagonga vibaya, uso unawaka na jasho linatoka juu ya pale alipoumia, na kinachosababisha yaweza kuwa kibofu kimejaa, mpira wa mkojo umejikunja, choo kigumu, au uchungu wenyewe wa kuzaa. Asiyelijua atadhani ni kifafa cha mimba moja kwa moja. Mkalisheni wima, legezeni nguo, kagueni mpira wa mkojo, na hospitali hapo hapo, hii inaua. Alafu uchungu anaweza asiusikie kabisa, kwa hiyo toka miezi saba afundishwe kuweka mkono tumboni asikilize linavyokaza na kuachia, na wiki za mwisho akae karibu na hospitali. Hela ya chumba hapo ndo ya kutuma, na itumwe kwenye simu yake yeye.

Andikeni haya kwenye karatasi, alipoumia, presha yake ya kawaida ni ngapi, mbanie kwenye kadi ya kliniki, maana nesi wa zamu ya usiku anaweza asiwe yule aliyemzoea.