Angalia mwezi kabla ya kukata tikiti ya Mombasa

Wenzangu wa Nairobi mnaoshuka Pwani wikendi kuvua kwa kayaki kando ya gati: kabla ya kukata tikiti ya treni, toka nje usiku utazame mwezi. Ukiwa mpevu au mwandamo, ni bamvua. Maji ya Mombasa hupanda na kushuka karibu mita 4, mkondo unakimbia, na chubwi lako (risasi ya kuzamisha chambo) halitulii chini hata dakika moja. Mwezi ukiwa nusu, subiri siku moja au mbili hivi, maji yatakuwa mafu, hayapandi wala kushuka sana. Hiyo ndiyo wikendi yako.

Hata hapo, vua maji yanapotuama, yakiwa yamejaa kabisa au yamekupwa kabisa. Kaa upande ambao mkondo unakusukuma mbali na nguzo, wala usifunge kayaki kwenye nguzo. Zile chaza zilizogandia hapo hukata kamba kama wembe (mimi nina alama kiganjani). Shusha chambo cha ngisi wima hadi chubwi liguse chini, kisha inua shubiri mbili.

Chewa akishika, usimpe mshipi. Kaza breki ya rili mapema, maana mita ya kwanza ndiyo vita yenyewe: akiingia kati ya nguzo, umemkosa. Changu ana heshima zaidi.

Chubwi nalo lifunge kwa uzi mwembamba kuliko mshipi mkuu. Likinasa, unapoteza risasi tu, ndoana na samaki wanarudi.

Jaketi la kuokolea livae. Kulikalia haisaidii.