Namna ya Kulinganisha Nchi Kubwa Iliyo Huru na Kisiwa Kidogo Kilicho Chini ya Dola Nyingine: Mfano wa Madagaska na Mayotte

Ukichukua eneo la Madagaska, kilomita za mraba 587,041, ukaligawa kwa eneo la Mayotte, kilomita za mraba 374, unapata karibu 1,570. Ukichukua watu waliohesabiwa Madagaska katika sensa ya mwaka 2018, takriban 25,674,000, ukawagawa kwa watu 256,518 waliohesabiwa Mayotte mwaka 2017, unapata 100. Nchi iliyo kubwa mara 1,570 ina watu mara mia moja tu, na hapo umekwisha kujifunza jambo ambalo jedwali la safu mbili lisingekuonyesha: kisiwa kidogo kimebanana, watu 686 kwa kila kilomita ya mraba, ilhali Bukini, kama wazee wa pwani walivyoiita Madagaska, ina watu 44.

Hesabu hiyo ni ya dakika mbili. Ugumu huanza baada yake, kwa sababu pande hizi hazitofautiani kwa ukubwa peke yake. Upande mmoja ni dola yenye katiba, jeshi na benki kuu, na upande wa pili ni sehemu ya Ufaransa iliyo katika mlango wa bahari wa Msumbiji, maelfu ya kilomita kutoka Paris. Kwa miaka mingi nimesahihisha insha za wanafunzi wanaolinganisha mahali pa aina hizi mbili, na kosa ninalokutana nalo mara kwa mara si la hesabu. Mwandishi huweka takwimu mbili sahihi bega kwa bega bila kuuliza kila moja imepimwa kwa kipimo cha nani na gharama yake hulipwa na hazina ya nani.

Anza na hadhi

Kabla ya kuandika neno lolote kuhusu pato, shule au hospitali, eleza kila upande una hadhi gani kisheria na uliipataje. Kwa Madagaska maelezo ni mafupi: Ufaransa iliitangaza kuwa koloni lake mwaka 1896, ikamhamisha Malkia Ranavalona wa Tatu mwaka uliofuata, ikauzima kwa damu nyingi uasi wa mwaka 1947, na tarehe 26 Juni 1960 nchi ikapata uhuru.

Mayotte inahitaji nafasi kubwa zaidi. Tarehe 25 Aprili 1841 kisiwa hicho kilikabidhiwa kwa Wafaransa na Sultani Andriantsouly, ambaye mwenyewe alikuwa mfalme wa Wasakalava aliyekimbia kutoka Madagaska. Kwa sheria ya mwaka 1912 visiwa vya Komoro, Mayotte ikiwemo, viliunganishwa na koloni la Madagaska, na havikutengwa nalo hadi mwaka 1946. Katika kura ya maoni ya Desemba 1974 Komoro kwa jumla ilichagua uhuru kwa wingi mkubwa, lakini Mayotte ilipiga kura tofauti na visiwa vingine vitatu. Komoro ikajitangazia uhuru tarehe 6 Julai 1975, na mwezi Februari 1976 watu wa Mayotte wakathibitisha kwa kura karibu zote kwamba wanabaki na Ufaransa. Mwaka 2009 zaidi ya asilimia 95 ya waliopiga kura walikubali kisiwa kiwe mkoa kamili, hatua iliyokamilika tarehe 31 Machi 2011, na tangu Januari 2014 Mayotte inahesabiwa kuwa sehemu ya Umoja wa Ulaya. Wakati huohuo, Umoja wa Mataifa uliipokea Komoro mwaka 1975 ikiwa ni nchi ya visiwa vinne, na Komoro haijaacha kukidai kisiwa cha nne.

Kwa nini nasisitiza historia hii katika mwongozo wa kulinganisha? Kwa sababu neno utakalolichagua litabeba hukumu. Ukiandika "koloni", umeifuta kura ya mwaka 2009. Ukiandika "mkoa wa Ufaransa" ukanyamaza, umeyafuta madai ya Komoro. Ninapendelea kuandika "mkoa wa Ufaransa unaodaiwa na Komoro", ijapokuwa ni mrefu, na pale ninapotumia neno "tegemezi" naeleza papo hapo kwamba nakusudia fedha na maamuzi, wala sisemi kwamba watu wake hawajitumi.

Historia hiyo inakupa pia sababu ya kulinganisha. Mahali pawili pasipo na lolote la pamoja hapafundishi kitu. Madagaska na Mayotte zote ziliwahi kuwa makoloni ya Ufaransa, zinapigwa na vimbunga vya bahari moja, na hata lugha haikosekani: pamoja na Kimaore, ambacho ni ndugu wa karibu wa Kiswahili, vijiji kadhaa vya Mayotte husema Kibushi, ambacho ni Kimalagasi. Msomaji wa Zanzibar aliyewahi kusikia ngoma ya kibuki ataitambua asili ya jina hilo.

Linganisha miaka inayokaribiana

Hapa sitakawia. Sensa za mwaka 2017 na 2018 zinafaa kuwekwa pamoja. Lakini kama ungeichukua sensa ya Mayotte ya mwaka 2007, iliyopata watu 186,452, ukaiweka karibu na sensa ya Madagaska ya mwaka 2018, uwiano wako ungekuwa 138 badala ya 100, na msomaji asingejua kwamba tofauti hiyo umeizua wewe. Kisiwa kidogo kinachopokea wahamiaji hubadilika upesi mno. Mayotte ilikuwa na watu 47,246 tu mwaka 1978. Kwa hiyo andika mwaka karibu na kila takwimu, hata kama ukurasa utaonekana umejaa.

Uliza kipimo ni cha nani

Hatua hii ndiyo yenye mtego mkubwa kuliko zote, na umaskini ndio mfano wake ulio wazi. Idara ya takwimu ya Ufaransa ilitangaza kwamba asilimia 77 ya wakazi wa Mayotte walikuwa chini ya mstari wa umaskini mwaka 2018. Kwa Madagaska, takwimu zilizotolewa kwa mwaka 2022 zinaonyesha kwamba karibu asilimia 75 ya watu walikuwa chini ya mstari wa umaskini wa nchi hiyo. Mwandishi mwenye haraka ataziona 77 na 75, ataandika kwamba hali za watu zinafanana, na pengine ataongeza kuwa Mayotte ni maskini zaidi kidogo.

Sasa angalia kila mstari umechorwa wapi. Mstari wa Ufaransa hupatikana kwa kutazama kipato cha Wafaransa wote na kuchukua asilimia 60 ya kile cha katikati, na kwa mtu mzima anayeishi peke yake huangukia karibu na euro elfu moja kwa mwezi. Mstari wa Madagaska hupimwa kwa gharama ya chakula na mahitaji ya lazima ya mtu. Wa kwanza unauliza umeachwa nyuma kiasi gani na wenzako wa Lyon na Marseille. Wa pili unauliza kama leo utakula ukashiba. Familia inayoishi katika kibanda cha mabati kwenye mteremko wa Kawéni, Mamoudzou, inaweza kuwa chini ya mstari wa kwanza na wakati huohuo kuwa na fedha ambazo mkulima wa kusini mwa Madagaska hazioni kwa miaka kadhaa. Simaanishi kwamba shida ya Kawéni ni ndogo, kwa sababu bei za dukani pale zinafuata bidhaa zilizosafirishwa kutoka Ulaya. Ninachosema ni kwamba asilimia hizi mbili zinajibu maswali mawili, na huwezi kutoa moja katika nyingine.

Pale ambapo kipimo cha pamoja hakipo, tafuta kitu kinachohesabika moja kwa moja: nyumba zenye bomba la maji ndani, nyumba zilizojengwa kwa mabati au udongo, watoto wanaosoma kwa zamu ya asubuhi na wengine mchana. Vitu hivyo havibadiliki maana vinapovuka bahari.

Fuata fedha hadi hazina

Pato la mtu mmoja kwa mwaka nchini Madagaska ni karibu dola 500. La Mayotte ni karibu euro 10,000, yaani chini ya theluthi moja ya wastani wa Ufaransa. Mtu anaweza kuhitimisha kwamba kisiwa kinazalisha mara ishirini zaidi kwa kila mkazi. Hitimisho hilo litakuwa na kasoro, kwa sababu sehemu kubwa ya pato la Mayotte ni mishahara ya walimu, wauguzi, askari na watumishi wengine wa serikali, inayolipwa kwa fedha zinazotoka Paris. Kisiwa kinauza nje bidhaa chache sana na kinaagiza karibu kila kitu. Madagaska inauza vanila kuliko nchi yoyote duniani, pamoja na karafuu, nikeli na nguo, na serikali yake inalazimika kulipa mishahara kutokana na kodi, mikopo na misaada inayoombwa.

Tazama pia sarafu. Madagaska ilijitoa katika ukanda wa faranga ya CFA, sarafu ya pamoja ya makoloni ya zamani ya Ufaransa barani Afrika, mwaka 1973, na sarafu yake ya leo ni ariari. Thamani yake ikishuka, mchele na mafuta yanayoagizwa hupanda bei, lakini muuza vanila hupata ariari nyingi zaidi kwa kila dola. Mayotte hutumia euro. Haina sarafu ya kushuka, haina benki kuu ya kulaumiwa, wala haina uwezo wa kubadilisha lolote katika jambo hilo. Kwa hiyo nakisi ya biashara, yaani kuagiza kuliko kuuza nje, ijapokuwa ni neno lilelile moja, ina uzito tofauti kila upande: kwa dola huru ni deni litakalodaiwa, na kwa kisiwa ni alama ya ukubwa wa fedha zinazoletwa kutoka nje. Ukiandika "nakisi" kwa pande zote mbili bila sentensi ya kueleza hivyo, umempotosha msomaji.

Jaribu ulinganisho wako kwa tukio moja

Takwimu zikishapangwa, chagua tukio na ufuatilie nani aliamua nini. Tarehe 14 Desemba 2024 Kimbunga Chido kilipita juu ya Mayotte na kuziangusha nyumba za mabati mitaa kwa mitaa. Siku chache baadaye rais wa Ufaransa alifika kisiwani, tarehe 23 Desemba bendera zikapepea nusu mlingoti nchi nzima, na mwezi Februari bunge la Paris likapitisha sheria ya dharura ya ujenzi mpya. Mwezi Februari 2022 Kimbunga Batsirai kilikuwa kimepiga Mananjary, mashariki mwa Madagaska, na kuua watu zaidi ya mia moja. Huko serikali ilipanga uokoaji wenyewe huku ikitegemea mashirika ya Umoja wa Mataifa na wafadhili kwa chakula na mahema.

Nani ana hali bora? Mayotte ina hazina kubwa nyuma yake, lakini sheria ya ujenzi wake ilipigiwa kura katika bunge ambalo kisiwa kina wabunge wawili na maseneta wawili tu. Madagaska ina hazina nyembamba, lakini inajiandikia sheria zake na ina kiti chake Umoja wa Mataifa. Uhuru huo nao una gharama: mwaka 2009 madaraka yalipobadilika kwa nguvu mjini Antananarivo, Marekani iliiondoa nchi katika mpango wa kuuza nguo bila ushuru, na wafanyakazi wengi wa viwandani wakapoteza kazi. Mayotte isingeweza kupata adhabu ya namna hiyo, kwa kuwa haina serikali ya kupinduliwa. Mimi siamini kwamba mlinganishi anapaswa kutangaza mshindi. Anapaswa kuonyesha kila upande unalipa nini kwa kile inachokipata.

Ongeza safu ya tatu

Safu mbili hazitoshi. Weka ya tatu, nayo ni Komoro huru, na hasa kisiwa cha Nzwani kilicho umbali wa kilomita 70 hivi kutoka Mayotte. Hapo ndipo utaelewa kwa nini watu hupanda mashua ndogo usiku ijapokuwa tangu mwaka 1995 wanatakiwa kuwa na viza, na kwa nini karibu nusu ya waliohesabiwa Mayotte mwaka 2017 walikuwa raia wa nchi nyingine, wengi wao kabisa Wakomoro. Miaka ya karibuni wameongezeka pia watu wa Kongo na Maziwa Makuu, baadhi yao wasemaji wa Kiswahili, waliopiga mahema kwenye uwanja wa michezo wa Cavani. Ukiitazama Mayotte kutoka Paris utaiona mkoa maskini kuliko yote. Ukiitazama kutoka Nzwani utaiona mahali penye hospitali. Yote mawili ni kweli, na ulinganisho usioonyesha yote mawili haujakamilika.

Aya ya matokeo, baada ya hatua zote hizi, inaweza kuandikwa hivi: "Mwaka 2017 Mayotte, mkoa wa Ufaransa unaodaiwa na Komoro, ilikuwa na watu 256,518, sawa na mtu mmoja kwa kila watu mia moja wa Madagaska ya mwaka 2018, waliobanana katika eneo dogo mara 1,570. Pato lake kwa mtu mmoja ni kubwa mara nyingi kuliko la Madagaska, lakini sehemu kubwa ya pato hilo ni matumizi ya serikali yanayoamuliwa na kulipwa Paris. Madagaska ina pato dogo, na inalikusanya, inalikopea na kulitumia kwa uamuzi wake yenyewe. Viwango vya umaskini vya pande hizi mbili havilinganishwi hapa, kwa sababu vimepimwa kwa mistari tofauti."