Kabla hujapaa kwenda Uarabuni kwa kazi za ndani
Pasipoti iwe na muda wa kutosha. Vipimo vya afya na cheti cha tabia njema usiviache dakika ya mwisho. Hayo hata ajenti atakwambia.

Mkataba usomewe nyumbani, kwa lugha unayoielewa, si uwanja wa ndege huku foleni inakusukuma mgongoni. Watu wamesafirishwa kwa mikataba tangu zamani. Reli ya Mombasa hadi Kisumu, 1896 hadi 1901, ilijengwa na vibarua wa mkataba karibu 32,000 kutoka India. Wao walifungwa kwa reli, wewe utafungwa kwa mtu mmoja: viza yako iko kwa kafili, yaani mwajiri aliyekudhamini, na ukitoka kwake bila ruhusa unaweza kuandikwa mtoro.

Sasa namba za simu. Shika tatu kichwani. Kichwani nimesema, si kwenye simu, si kwenye daftari. Nilifika Riyadh usiku, na kabla sijavua viatu madamu alikuwa ameshachukua pasipoti na simu. Daftari langu lilikuwa ndani ya begi, begi likafungiwa stoo. Miezi minne sikusikia sauti ya mtu wa kwetu. Siku moja natoa taka, nikakutana na dereva wa jirani, kijana wa Uganda. Akanipa simu yake, dakika mbili tu. Namba ya mama haiji. Ya mume haiji. Iliyonijia ni ya duka la mtaani kwetu, maana imepakwa rangi ukutani na niliiona kila asubuhi nikinunua maziwa. Mwenye duka alidhani nimepiga kukopa! Lakini ndiye aliyempelekea mama habari, na mama akaenda kukaa mlangoni kwa ajenti siku tatu mpaka nikahamishwa nyumba.

Kwa hiyo: ya nyumbani, ya ajenti, ya ubalozi. Zikariri ukiosha vyombo.

Mengine ni madogo. Beba sweta, Januari Riyadh kuna baridi. Dawa ziende na karatasi ya daktari. Mtoto unamwachia nani, mkae kikao, na hela za kutuma usimpitishie ndugu mwenye miradi ya ghafla. Mama abaki na nakala ya mkataba, ya pasipoti, ya tiketi, na picha ya ajenti mwenyewe, kama atakubali kupigwa.