Ukishaweka although, but achana nayo

Wale mnaoandika barua za kazi au mnajiandaa na mtihani wa kingereza, chekini hili. Kwetu kawaida kabisa kusema ingawa mvua ilinyesha lakini tulienda, wala hamna anayeshtuka, ila ukiihamisha ikawa Although it rained, but we went hapo umeshachemka, maana sentensi moja umeipa viunganishi viwili vya kazi ileile. Chagua kimoja tu: Although it rained, we went, au It rained but we went, basi. Ukitaka mkazo zaidi weka even though. Because nayo hivyohivyo, Because I was sick, so I stayed home, hiyo so itoe.

Sasa panapoangusha wengi ni despite, yaani licha ya. Hii haibebi sentensi yenye mtendaji na kitenzi chake, inataka nomino au kitenzi chenye -ing: despite the rain, despite being tired. Despite it rained hamna kitu kama hicho. Na of haikai hapo, of ni ya in spite of, hata mabosi wanaandika despite of kwenye meseji za ofisi duh. Ukikwama na sentensi nzima mkononi chomeka the fact that, yaani despite the fact that it rained, ndefu kidogo ila inapita. Because of pia inafuatwa na nomino, because of the rain, ila ikiwa it rained hapo ni because peke yake.