Namna ya kuchagua darubini ndogo ya safari na ya kila siku

Wanaoniomba ushauri wa darubini ndogo ya macho mawili huanza na swali moja: "Inavuta mara ngapi?" Nimeongoza watazamaji wa ndege kwa miaka mingi, na mimi huanzia kwenye jicho: litapata mwanga wa kutosha, na litatulia? Hatua hizi zifuate ukiwa na darubini yenyewe mkononi.

Hatua ya 1: Soma namba mbili

Ukiona 8x25, ya kwanza ni mara inazokuza, ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya 25 kwa 8, unapata 3.1. Huo ndio upana, kwa milimita, wa kiduara cha mwanga kinachofika jichoni. Mchana mboni ya jicho hubana hadi milimita 2 au 3, kwa hiyo 8x25 inatosha. Jua likizama mboni hupanuka, na hapo 10x25, yenye kiduara cha 2.5 tu, huonyesha giza mapema.

Kiduara kidogo kina kero nyingine: jicho likiteleza kidogo, kivuli cheusi kinafunika picha. Mkono nao hutikisika, na darubini hukuza hata mtikisiko huo. Nilianza na 12x25. Kila nikivuta pumzi tawi zima lilicheza, na ndege akaruka kabla sijaona rangi ya mdomo wake. Kwa anayeanza, napendekeza 8 bila kusita. Kama utatazama zaidi alfajiri na jioni, chukua 8x32 na ukubali uzito wake. Mfukoni mwa shati haiingii.

Zenye kubadili ukuzaji, na zenye lenzi nyekundu zinazong'aa kama kioo, ziache.

Hatua ya 2: Wanaovaa miwani

Tafuta kwenye maelezo umbali wa jicho kutoka kwenye lenzi. Uwe milimita 15 au zaidi. Shusha vikombe vya mpira vya machoni, tazama ukiwa na miwani yako. Ukiona duara zima, sawa. Ukiona kama unachungulia tundu la ufunguo, rudisha.

Hatua ya 3: Kagua vioo

Nyoosha mikono, elekeza darubini kwenye ukuta mweupe (usiielekeze kwenye jua kamwe, hata kwa nukta moja) na utazame vile viduara viwili vya mwanga. Viwe mviringo kamili. Vikiwa na kingo za kijivu zilizokatwa kama mraba, prizma za ndani (vipande vya kioo vinavyoelekeza mwanga) ni za kioo hafifu. Kisha igeuze, angalia taa inavyoakisiwa na lenzi za mbele. Mwakisiko hafifu wa kijani au zambarau ni dalili njema. Mweupe mkali unamaanisha mwanga mwingi unarudi nje badala ya kufika kwako.

Hatua ya 4: Iweke sawa na macho yako

Darubini nyingi nzuri hukataliwa bure kwa kuruka hatua hii. Kunja bawaba mpaka uone duara moja. Ziba lenzi ya mbele ya kulia kwa kiganja, tazama maandishi ya mbali kwa jicho la kushoto, zungusha gurudumu la katikati hadi herufi zionekane kali na wazi. Sasa ziba ya kushoto, na bila kugusa gurudumu, zungusha pete ya jicho la kulia hadi herufi zilezile zionekane kali na wazi tena. Kumbuka alama ya pete ilipo.

Hatua ya 5: Hakikisha mirija imelingana

Tazama ukingo wa paa la mbali, kisha sogeza darubini taratibu mbali na uso. Mstari ukivunjika, upande mmoja juu na mwingine chini, usinunue. Macho yatalazimika kuunganisha picha hizo mbili, na kichwa kitauma. Tazama hata dakika tano mfululizo. Ukihisi macho yanavutwa, amini hisia hiyo.

Hatua ya 6: Maji na uzito

Chagua isiyopitisha maji, iliyojazwa gesi ya naitrojeni ili lenzi zisifanye ukungu kwa ndani. Uzito wa gramu 300 hivi unabebeka siku nzima.

Ukishainunua, fanya zoezi hili: mkazie macho ndege, na bila kumwacha, inua darubini mpaka machoni. Rudia mara ishirini kwa siku. Baada ya wiki moja hutamtafuta tena, utamkuta palepale.