Salamanda wa majini akikunja matamvua, pima joto la maji kwanza
Kwa anayefuga aksolotli hapa Mwanza (ndiye salamanda huyo, amfibia kama chura, si mjusi, ingawa majirani humwita hivyo), ukiona matamvua yake yamejikunja kuelekea mbele, ncha ya mkia imejipinda na nyungunyungu anaowapenda sasa anawaacha, usikimbilie dawa, bali tumbukiza kipimajoto. Mnyama huyu ana asili ya maziwa ya nyanda za juu za Meksiko na hustawi katika nyuzi 16 hadi 18, ilhali mchana wetu hukaribia 30. Maji yakizidi nyuzi 22, weka ndani yake chupa ya barafu iliyofungwa vizuri, ielee, kisha uibadilishe inapoyeyuka ili joto lishuke polepole. Maji baridi hushika oksijeni zaidi, na vijidudu huongezeka humo kwa kasi ndogo. Njia hii haifui dafu maji yakiwa yamechafuka kwa kinyesi: hapo badilisha sehemu yake kwa maji ya bomba yaliyoondolewa klorini, kamwe si ya ziwani, ambayo yaweza kubeba vimelea. Zikitokea nyuzi nyeupe kama pamba kwenye matamvua, huo ni ukungu. Mwone daktari wa mifugo.