Somo: Mistari ya nguo na umbo lako, kabla fundi hajashika mkasi

Wengi tunakwenda kwa fundi na kitenge mkononi na picha ya mshono kwenye simu. Gauni linatoka safi, tukilivaa linatukataa, kisha tunaanza kuulaumu mwili. Ndugu zangu, uacheni mwili, tazameni mistari. Kila nguo ina mistari iliyochapwa kwenye kitambaa na mingine inayoletwa na mshono: shingo, mkanda, mwisho wa mkono, pindo. Jicho la anayekutazama hufuata mstari na kutulia pale unapoishia. Somo lote la leo limo humo.

Hatua ya 1: Jipime. Vaa taiti na fulana ya kubana, simama mbele ya kioo kirefu. Pima mabega, kifua, kiuno na hipsi kwa futikamba, uandike. Kisha chagua sehemu moja unayotaka ionekane kwanza. Moja tu, maana ukitaka kiuno, mgongo na miguu vyote kwa pamoja, mistari itagombana.

Hatua ya 2: Kagua kitambaa. Kitandaze chote kitandani, rudi nyuma, finya macho. Kitakachobaki kikionekana ndicho watu watakachokiona barabarani. Hata maua makubwa yakijipanga kwa safu ni mistari. Kubaliana na fundi atakata kitambaa kikiwa kimelala vipi, kwa sababu kitenge kilekile kikigeuzwa, mistari ya kusimama inakuwa ya kulala. Mistari myembamba iliyokaribiana hurefusha. Mipana iliyoachana hulirusha jicho upande kwa upande, na mwili unaonekana umetanuka.

Hatua ya 3: Weka mstari wa kusimama. Huu ndio rafiki wa mtu mfupi na wa mtu mnene. Unaweza kuupata hata kwenye kitambaa cheusi kisicho na ua: gauni la vipande virefu kutoka begani hadi chini, safu ya vifungo, shingo ya V. Abaya iliyoachwa wazi juu ya gauni la rangi moja ni mfano mzuri sana, kingo zake mbili zinashuka bila kukatizwa. Ukifunga mkanda wa rangi kali juu yake, umeukata mstari vipande viwili. Mkanda ukitakiwa, uwe wa rangi ya gauni.

Hatua ya 4: Amua mistari ya kulala iishie wapi. Hapa ndipo nguo nyingi huharibikia. Mkono wa blauzi ukiishia usawa wa kifua, unachora mstari mmoja kutoka mkono hadi mkono, na kifua kinaonekana kipana zaidi. Ushushe hadi chini kidogo ya kiwiko. Sketi ikiishia katikati ya shavu la mguu, pale penye unene, mguu unaonekana mzito. Ipandishe hadi chini ya goti au ishushe karibu na kifundo. Blauzi ya kuachia nje ikikomea penye hipsi pana kabisa, umeweka alama hapohapo. Sentimita tano juu au chini hubadilisha kila kitu. Kwa hiyo usikubali fundi apinde nguo kabla hujaijaribu na viatu utakavyovaa nayo.

Hatua ya 5: Ukishona kanga, anza na pindo. Kanga ina mji katikati, ina jina, na ina pindo pande zote nne. Ukiishona, pindo ndilo mstari wenye nguvu kuliko yote. Likishuka katikati ya gauni mbele, linarefusha. Likizunguka chini, linapeleka macho miguuni. Likikatiza hipsi, linazitanua, na kuna mtu anayetaka hivyo. Jina nalo ni mstari wa maandishi ambao watu watausoma, basi fikiri vizuri kabla ya kuliweka makalioni.

Mshazari nitausema kwa ufupi: gauni la kupishana mbele na kufungwa ubavuni linachora mstari wa mshazari unaokutana kiunoni, na humpendeza karibu kila mwenye tumbo.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwalimu shikamoo. Ni kweli mistari ya kulala inanenepesha?*

Marahaba. Si lazima. Karne ya 19 mwanasayansi Mjerumani Hermann von Helmholtz alionyesha kuwa mraba uliojazwa mistari ya kulala huonekana mrefu na mwembamba kuliko ule wa mistari ya kusimama. Mwaka 2011 Peter Thompson na Kyriaki Mikellidou wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walichapisha majaribio yao kwa picha za nguo, nao hawakuona mistari ya kulala ikinenepesha. Kwa hiyo usiikimbie fulana ya mistari. Angalia inakobana na inakoishia.

*Dada, mimi ni mwembamba sana, natamani namba nane. Nifanyeje?*

Blauzi ya kubana kiunoni yenye rinda linaloanzia kiunoni na kuishia juu ya hipsi, ndani yake sketi ya kubana. Mkanda wa rangi kali ambao nimewakataza wenzako, wewe uvae.

*Mimi ni wa madera. Nayo yana mistari?*

Yapo yenye nakshi inayoshuka kutoka shingoni, chagua hayo. Kama huna, ushushe mtandio mbele ncha zote mbili, usiuzungushe mabegani.

*Mume wangu ana kitambi, anataka shati la kitenge.*

Aliachie nje, liishie katikati ya zipu ya suruali. Ua kubwa lisikae tumboni. Mwambie fundi aoanishe ua kwenye safu ya vifungo ili mbele pasikatike.

*Fundi anasema kuoanisha mistari kunakula kitambaa. Ananidanganya?*

Hakudanganyi, mpenzi. Lazima asogeze vipande hadi mistari ikutane ubavuni, na kinachobaki kinakuwa vipande vidogo. Kadiri ua linavyokuwa kubwa ndivyo kinavyopotea kingi. Mpelekee kitenge kabla ya kukubaliana mshono, akitandaze mezani akuonyeshe kama kinatosha. Kisipotosha, mikono aikate kwenye kitambaa cha rangi moja.